Alasiri ya Mwisho ya Eda

Mwanamke aliyefiwa na mumewe hukaa eda miezi minne na siku kumi. Hiyo ni sheria, na Mize binti Makungu wa Kikwajuni hakuwa mtu wa kuibishia. Aliikaa eda ya mumewe Msabah kama inavyotakiwa, kwa kaniki nyeusi, bila ya mafuta wala wanja. Aliikaa masika yote, akaikaa Ramadhani na sikukuu yake, mpaka ikabaki alasiri moja. Alasiri hiyo hakuikaa.

Mtaa mzima ulijua kuwa Mize anapenda ngoma. Lakini ulijua pia kuwa mapenzi yake yalikuwa na mpaka. Hakucheza, hakujitia mbele, wala hakwenda mahali bila ya mumewe. Msabah alikuwa fundi wa baiskeli, na Mize alishona kofia. Mungu hakuwajaalia mtoto. Kwa muda wa miaka kumi na miwili, jioni zao zilikuwa zao wenyewe, na karibu zote walizipeleka kwenye ngoma.

Jumatano walikwenda Forodhani, ambako bendi ya askari ilipiga tarumbeta zake bustanini mpaka jua likaribie kuzama. Siku nyingine waliingia Mji Mkongwe, wakasimama chini ya dirisha la klabu moja ya taarabu ambayo wanachama wake walijifunza nyimbo ghorofani. Hawakuwa wanachama, hivyo hawakupanda. Walikaa kwenye baraza ya nyumba ya pili yake, yeye Mize na buibui lake na Msabah na kofia yake, wakasikiliza wimbo mmoja ukirudiwa mara nane, ukikosewa mahali pale pale. Ilipofika Ijumaa palikuwa na arusi huko mashamba, na penye arusi hapakosi kidumbaki: fidla, vigoma viwili, na sanduku la chai lililofungwa mti na uzi likavuma kama tumbo la mtu mkubwa.

Huko mashamba walikwenda kwa baiskeli. Mjini Mize alitembea kwa miguu, nyuma ya mumewe, kama mke wa mtu mwenye heshima zake. Wakishapita Amani na nyumba zikaanza kuachana, Msabah alisimama bila kugeuka, Mize akapanda nyuma, akalikusanya buibui lisiingie katika mnyororo, wakaenda. Walifika Mangapwani namna hiyo, wakafika Mkokotoni, wakafika Makunduchi siku za sherehe ya Mwaka. Uroa walikwenda zaidi ya kwingine kote. Huko walikuwa na mwenyeji, mwanamke mcheshi aitwaye Sichana, aliyekuja mjini kila wiki kuuza pweza na aliyewapa kitanda kila walipokawia.

Sasa, penye ngoma wanawake wanakaa upande wao na wanaume upande wao. Mize na Msabah hawakusikiliza ngoma hata siku moja wakiwa wamekaa pamoja. Yeye alikaa na wanawake, karibu na mwimbaji, akayashika maneno. Msabah alikaa na wanaume, karibu na wapigaji, akaushika mlio. Ukimuuliza Msabah wimbo umesema nini, atakwambia ulipanda, kisha ukashuka, kisha ukayumba kama gurudumu lililopinda. Maneno yalimpita kama maji. Na Mize, ukimuuliza fidla ilifanya nini, atakwambia ilikuwepo.

Kwa hiyo wimbo ulikamilika njiani. Baiskeli inakwenda polepole, mikarafuu imesimama huku na huku, na Mize anasema ubeti mgongoni pa mumewe. Msabah anaupokea kwa mluzi. "Baada ya hapo?" anauliza. Mize anatoa mstari wa pili, Msabah anauwekea fidla yake. Mpaka wanafika Kikwajuni wimbo umekuwa mzima, na hakuna mtu mwengine kisiwani aliyekuwa nao mzima namna hiyo, kwa sababu kila mmoja aliusikia kwa upande aliokaa.

Wimbo mmoja tu uliwashinda. Ulikuwa wa Mzee Jaku wa Uroa, msukaji wa madema ya kuvulia samaki, ambaye vidole vyake vilikuwa vigumu kama fito lakini akishika fidla vililegea. Wimbo huo ulikuwa mrefu. Unasimulia mtu anayeizunguka Unguja akiulizia njia ya kwao. Mangapwani wanamwambia akayaulize maji ya pangoni. Tumbatu wanamwambia angoje bamvua, maji yajae. Makunduchi wanamwambia arudi mwaka ukigeuka. Kila kijiji kinamjibu, na kila mwaka Jaku aliongeza kijiji. Mwisho mtu yule anafika kwao, anasimama mlangoni, anauliza. Hapo Jaku alifumba mdomo. Fidla peke yake ilipiga kidogo, kisha kimya, na watu wakaondoka.

Wapo waliomwomba aseme jibu. Jaku aliwaambia jibu analo, siku yake haijafika.

Mize na Msabah walibishana juu ya kimya hicho miaka sita. Msabah alisema fidla pale inauliza tena, haijibu. Mize alisema inajibu, ila wao hawajui kusikia. Walibishana bila ya hasira, kama watu wanaovutana kanga kwa mchezo, na kila mwaka walirudi Uroa kuhakikisha.

Mwaka wa hamsini na tano Msabah alipata homa. Hakuumwa hata siku nne. Alikata roho wakati wa magharibi, siku ulipoandama mwezi wa Rajabu, na watu waliokuwa nje wakiutazama mwezi waliitwa ndani kutazama maiti.

*

Mize hakuwa na jamaa. Wazee wake walikuwa wamekufa, na kaka yake mmoja aliondoka zamani, akapotelea Bara. Aliyebaki naye ni wifi yake Tabia, dada mkubwa wa Msabah, mjane, aliyekaa nyumba ya pili, na uani mwa nyumba hizo mbili palikuwa na mlango wa kupitia.

Tabia alikuwa mwanamke mwembamba, mnyoofu, asiyecheka ovyo. Hakupenda ngoma. Alisema masikio yake ameyapa Kurani, na yaliyobaki ni ya kusikilizia mlango. Lakini katika miaka yote kumi na miwili hakuwahi kumnung'unikia mdogo wake wala mkewe kwa kuzunguka kwao. Walipochelewa aliwawekea chakula, akafunika, akalala.

Eda ilipoanza Tabia aliibeba kama kazi yake. Alihamia chumbani kwa Mize siku arubaini za mwanzo, akalala chini kwenye mkeka. Alipika, akafua, akapokea wageni mlangoni, akaamua nani aingie na nani salamu zake zimefika. Alichukua uzi mweupe, na kila jua lilipotua alifunga fundo moja, akasema, "Alhamdulillahi, imepita," akautundika uzi kwenye msumari. Mwezi ulipoandama alifunga fundo kubwa. Mize alikuwa akiutazama uzi huo ukirefuka mafundo yake, na siku nyingine ulimliza na siku nyingine ulimliwaza.

Chumba chake kilikuwa na kidirisha kimoja kilichoelekea upande wa Mnazi Mmoja. Jumatano jioni, upepo ukija kutoka baharini, bendi ya Forodhani ilimfikia vipande vipande: tarumbeta bila ya ngoma, kisha ngoma bila ya tarumbeta, kisha hakuna kitu ila kunguru. Mize aliweka sindano chini. Alingoja. Ilimchukua muda kujua kuwa anachokingoja ni hatua za mtu kuja kumwambia kile kipande kingine.

Wakati mwengine alisinzia na kofia mkononi. Hapo alijiona yuko nyuma ya baiskeli, karafuu zimeanikwa njiani pande zote mbili, nyekundu na nyeusi, na harufu yake imejaa hewani hata mtu angeweza kuiegemea. Msabah anapiga mluzi. Lakini mluzi hautoki kinywani mwake, unatoka kwenye magurudumu, na kila kijiji wanachokipita kinawajibu kwa sauti ya mwanamke aliye ndani ya nyumba. Mize anataka kuyashika maneno, na maneno yanalegea kama uzi uliorowa. Akizinduka alikuta ua la kofia amelishona upande usio wake, akakaa kulifumua.

Ikaja Ramadhani, nyumba ikatulia kwa tarawehe. Ikaja sikukuu, na viwanja vya Mnazi Mmoja vikajaa ngoma siku nne. Mize alizisikia zote, beni na msewe na filimbi za watoto, zikiingia kwa kidirisha pamoja na vumbi. Hakusogea. Tabia alipomuuliza kama apeleke kitambaa kizibe pale dirishani, alisema aache tu, zinapita. Na kwa kweli zilipita. Mwanamke yule alijizuia, na lazima hilo lisemwe, kwa sababu kosa lake lilikuja baada ya kuwa ameshaonesha kuwa anaweza.

*

Eda ilikuwa imalizike siku ya mwezi kumi Mfunguo Pili, mwezi wa pili baada ya Ramadhani, jua likitua. Siku hiyo iliangukia Ijumaa. Tabia alikwisha kuwaalika wanawake kumi na wawili waje baada ya magharibi. Alinunua doti ya kanga, akaikunja juu ya kitanda chake pamoja na udi na chupa ndogo ya mafuta ya asumini. Yeye mwenyewe ndiye angemwogesha wifi yake na kumvisha, kwa sababu ndiyo desturi, wa upande wa mume ndiye anayemtoa mjane eda.

Jumatano ile Sichana alifika na pweza wake. Tabia alimruhusu kuingia. Sichana alikaa chini, akatoa pole zake tena, kisha akatoa habari iliyomleta. Mzee Jaku anakwenda Makka. Wanawe wamemtimizia nauli, na Jumatatu meli inaondoka. Akirudi atakuwa haji, na haji hashiki fidla. Kwa hiyo Ijumaa, akisha kusali alasiri, atapiga mara ya mwisho uwanjani kwao mpaka jua litue, kisha basi, fidla anaifunga kitambaa. Na amewaahidi watu kuwa wimbo wake ataumaliza.

Mize alimwambia Ijumaa yeye bado yuko ndani. Anatoka jua likitua.

"Kwa mwezi wa huku," alisema Sichana. "Kwetu Ijumaa ni kumi na moja. Sisi mwezi tumeuona kwa macho, umekaa juu ya minazi kama ukucha. Nyinyi watu wa mjini mlikuwa mkitazama wingu."

Ilikuwa kweli. Siku ya ishirini na tisa ya mwezi uliopita mjini palikuwa na mawingu, na mwezi ukakamilishwa siku thelathini. Uroa hapakuwa na wingu. Sichana alilisema kwa mzaha, kama watu wa shamba wanavyowatania wa mjini, akabeba kapu lake, akaenda zake. Lakini neno lilibaki chumbani.

Mize hakulala vizuri usiku ule. Alijiambia kuwa mwezi ni mmoja tu mbinguni. Kama umeandama, umeandama, awe mtu ameuona Kikwajuni au hakuuona. Alijiambia kuwa huu wimbo haukuwa wa kwake peke yake, ulikuwa deni lake na la Msabah, na yule mwengine hawezi tena kwenda. Mawazo haya yalikuwa mazuri na yalikuja yamepangika. Jambo moja hakulifanya. Maalimu Kificho alikaa nyumba ya nne, na swali lake lilikuwa la dakika mbili. Hakutuma mtu kumuuliza, kwa sababu alijua atakavyojibiwa.

Alhamisi, Tabia akifunga fundo la siku, Mize alilitoa.

"Wifi, Uroa wanasema kesho ni kumi na moja."

Tabia hakuinua macho. "Wewe unakaa wapi?"

"Kikwajuni."

"Haya basi."

Mize alimweleza habari ya Jaku yote, safari ya Makka, ahadi ya ubeti wa mwisho, na gari linaloondoka Darajani baada ya sala ya Ijumaa. Tabia alimsikiliza mpaka mwisho, hakumkatiza. Kisha alizungusha uzi kidoleni.

"Mwenzangu, miezi minne umehesabu kwa mwezi wa mjini. Siku ya mwisho unahamia mwezi wa Uroa? Ungehamia mapema basi, ukafunga nao na Ramadhani."

"Ni alasiri moja tu, wifi."

"Ndiyo. Alasiri moja tu. Kaa."

Akasema kama moyo wa Mize umetia shaka, yeye atakwenda sasa hivi kumwita Maalimu. Mize akajibu hakuna haja. Tabia alilichukua neno hilo kuwa ni kukubali, akautundika uzi, akaenda kuchambua mchele wa kesho. Mize alijua amelichukua hivyo, na akanyamaza. Hapo ndipo lilipokuwa kosa. Kupanda gari lilikuwa jambo dogo kuliko kunyamaza kule.

*

Ijumaa mchana Tabia alikwenda Darajani kununua vitu vya wageni. Mize alivaa buibui juu ya kaniki yake, akafunga mlango wa mbele kwa nje, na alipoinua macho mtaa ulikuwa umejaa mwanga kiasi kwamba alishika ukuta. Miezi minne hakuwa ameliona jua likiwa na nafasi yote hiyo. Alitembea kama anayetembea ndani ya maji. Watu walimpita, buibui jeusi kati ya mabuibui meusi, hakuna aliyemtambua, na hilo lilimfanya ahisi kama kwamba si yeye aliyetoka, ila ni kivuli chake, yeye mwenyewe yuko ndani anashona.

Ndani ya gari hakusema na mtu. Alitazama njia. Ilikuwa njia ile ile ya baiskeli, lakini sasa ilikimbia upesi mno. Kila pahala alipotaka kukumbuka mstari, pahala pamekwisha kupita. Baada ya Dunga miti ilisogea karibu, ikatupa vivuli ndani ya gari, na vivuli vilipita juu ya mikono yake kimoja kimoja, sawasawa, kama mtu anayepiga kigoma kwa kidole. Mize alifumba macho. Kwa muda fulani hakujua kama anakwenda au anarudi, na hakutaka kujua.

Sichana alimkuta njiani, akamshika mikono miwili.

"Ushatoka eda?"

"Kwa mwezi wenu," alisema Mize.

Sichana alicheka, kisha kicheko kikapungua, akamtazama. Lakini alasiri ilikuwa imeshasaliwa, na uwanjani vigoma vilikuwa vinakanzwa moto.

Wanawake walikaa nyuma ya ua wa makuti. Mize hakukaa pale alipozoea, mbele, karibu na mwimbaji. Alisogea mpaka mwisho wa ua, pahala palipokuwa na tundu, ambapo angeweza kuiona mikono ya Jaku. Alikuwa amekwisha kuamua tangu garini. Leo atasikiliza fungu la Msabah. Maneno yatakuja yenyewe, kama yalivyokuja siku zote. Fidla ndiyo isiyokuwa na mtu.

Akaisikiliza. Na ni kama mtu aliyeishi miaka mingi katika nyumba, akafungua mlango aliodhani ni wa stoo, akakuta ukumbi. Fidla haikuwa ikimfuata mwimbaji. Ilikuwa na safari yake. Jaku alipoimba kijiji, fidla ilikuwa imeshatoka kijijini humo, iko njiani, inatazama nyuma. Alipofika Mangapwani ilizama, na ukasikia chini yake sanduku likivuma kama maji ndani ya jiwe. Huko Tumbatu ilisimama juu ya uzi mmoja ikangoja, ikangoja, mpaka bamvua ikaja. Mize alimwona Msabah waziwazi, magoti yake yamekunjwa upande wa wanaume, kichwa kimeinama, na akaelewa alichokuwa akikisema kila siku kwa kusema ulipanda, kisha ukashuka. Hakuwa amekosa maneno. Alikuwa amesema yote yaliyokuwepo.

Jua likaingia katika minazi. Vijiji vikaisha. Yule mtu akafika mlangoni kwao, akauliza, na pale Jaku alipozoea kufumba mdomo, watu wote wakaona kuwa hakuufumba. Wanawake walipoona hivyo hawakuweza kujizuia. Vigelegele viliruka ua mzima, vikapanda juu ya kila kitu. Mize alikuwa ameikazania fidla kwa macho na masikio. Aliisikia ikishuka, ikashuka tena, ikasimama pahala ambapo katika miaka sita haikuwahi kusimama, pahala pa chini, patulivu, kisha upinde ukaondoka. Haikuuliza. Alilijua hilo kwa yakini. Alikuwa karibu kugeuka amwambie mtu.

Kisha akatambua kuwa maneno hayakumfikia hata moja.

Alimshika Sichana bega. "Kasemaje?"

Sichana alikuwa akifuta machozi ya kucheka kwa ncha ya kanga. "Wa kwao wamemwambia, 'Umekawia, pita ndani, wali unapoa.' Miaka yote hiyo tumekaa tunangoja. Kumbe wali."

Wenziwe wakacheka, wakalirudia, wakaliimba kwa namna mbalimbali, hata Mize asingeweza tena kujua Jaku mwenyewe alilisema vipi, kwa pole au kwa mzaha, au kama mtu anayelia. Alikuwa na fidla na alikuwa na maneno, lakini vilimjia kutoka pahala pawili na havikugusana. Uwanjani Jaku aliifunga fidla yake kwa kitambaa cheupe, akaipa mwanawe, akaomba radhi kwa watu wote. Adhana ya magharibi ikalia. Saa hiyo, kwa mwezi wa mjini, eda ya Mize ilikuwa ndiyo inakwisha, na huko Kikwajuni wanawake kumi na wawili walikuwa wanavua viatu mlangoni.

Gari la kurudi lilikuwa la asubuhi.

*

Alimkuta Tabia amekaa kwenye kizingiti cha uani. Kanga zilikuwa bado zimekunjwa juu ya kitanda. Uzi haukuwa msumarini.

Mize alimwamkia. Tabia aliitikia, kwa sababu salamu ni haki ya mtu. Kisha alimweleza yaliyopita, kwa sauti ya kawaida, kama anayetoa habari za mtaa. Wageni walipokuja aliwaambia Mize anaumwa, amelala. Hakujua la kusema, na hilo ndilo lililomtoka. Bi Khamisa, ambaye ni mtu mwema, alitaka kumjulia hali, akafungua mlango wa chumba kabla ya mtu kumzuia. Akakuta kitanda kimetandikwa. Wakanywa kahawa yao, wakaondoka, hakuna aliyeuliza.

"Miaka hamsini na mbili sijasema uongo mlangoni," alisema Tabia. "Jana nimesema, na nimekamatwa nao."

Mize alianza habari ya mwezi, kwamba umeonekana Uroa kwa macho, kwamba kwa hesabu ile yeye alikuwa nje ya eda tangu juzi.

"Sina ugomvi na mwezi. Miaka kumi na miwili sikukuzuilia ngoma hata moja. Nimekuomba alasiri moja, ukanijibu hakuna haja, ukaniacha nichambue mchele."

Alinyanyuka, akapita upande wake, akarudisha mlango. Wiki hiyo alimleta fundi, akaujenga mlango ule kwa mawe na chokaa.

Mize alikwenda kwa Maalimu Kificho, sasa akiwa hana cha kuuliza ila kuungama. Maalimu alimwambia mtu hufuata mwezi wa mji anaokaa, na Mize alilijua hilo. Aombe msamaha kwa Mola wake, na Mola wake ni mwingi wa kusamehe. Mize aliomba, na hakuna sababu ya kudhani hakusamehewa. Lakini Tabia alikuwa binadamu. Mara tatu alitumiwa watu wa kusuluhisha, na mara tatu aliwaambia hana kinyongo, ila hana la kusema naye. Walipokutana njiani alitoa salamu, akapita. Chakula cha Mize hakukila, na chake hakukipeleka.

Mize aliendelea kwenda Forodhani siku za Jumatano. Alikaa upande wa wanawake. Uroa hakwenda tena.

Tabia alifariki mwaka wa hamsini na tisa, mwezi wa Mfunguo Tatu. Mize alizijua habari kwa kusikia kilio ukutani. Aliingia kwa mlango wa mbele pamoja na majirani, na walipotafutwa jamaa wa kumwosha maiti hakuitwa. Alikaa matanga siku tatu kwenye mkeka wa majirani, karibu na mlango, na siku ya nne alirudi nyumbani kwake hana jamaa hata mmoja Unguja nzima.